Mpangaji Kwanza, Ziwa Baadaye

Tangu bandari ya Karema ikamilike mwaka 2022, swali moja limekuwa likizunguka Mpanda, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye makundi ya simu ya wana Katavi walioko Dar es Salaam na Mwanza: si ndio wakati wa kuwahi kiwanja kando ya Ziwa Tanganyika na kujenga nyumba za kupangisha? Serikali imeweka pale zaidi ya shilingi bilioni 47. Kalemie na Moba ziko ng'ambo, Kongo ina watu na mizigo, barabara inajengwa. Anayezubaa, wanasema, atakuja kununua kwa bei ya Kigamboni.

Jibu langu huwaudhi wengi. Nunua huko ziwani, Karema au Ikola, kama unayo hela unayoweza kuisahau kwa miaka kumi. Lakini kama unachotaka ni kodi, yaani pesa ya kila mwezi ya kulipia ada za watoto na kukuongezea nguvu ya kujenga tena, anza Mpanda mjini, na uanze na vyumba vichache. Kodi hulipwa na mtu mwenye kipato. Ziwa lenyewe halilipi kitu.

Tuanze na huko ziwani, maana ndiko mioyo iliko.

Bandari inapojengwa mahali, wengi hudhani nyumba za kupangisha zitahitajika siku hiyo hiyo. Angalia nani hasa hufika bandarini. Dereva wa lori analala usiku mmoja au mitatu akisubiri kushusha. Mfanyabiashara wa Kongo anakaa mpaka mzigo wake upande chombo. Hao wanataka gesti yenye maji na sehemu salama ya kuegesha, hawatafuti chumba cha mwaka. Wanaokaa muda mrefu ni watumishi wa bandari, wa forodha, wa uhamiaji na polisi, na idadi yao si kubwa. Baadhi hupewa nyumba za kazini. Kwa hiyo mji wa bandari huanza na gesti na migahawa, hufuata fremu za maduka, na nyumba za familia huja mwisho. Karema bado iko mwanzoni kabisa mwa mstari huo. Bandari ilikamilika kabla lami haijafika na kabla ziwa halijapata meli za kutosha. MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa ikipita kwenye vijiji vya mwambao huu, wakati huo ilikuwa nje ya kazi.

Mpangaji mwingine wa ziwani ni mvuvi, na huyu inabidi umwelewe kabla hujamjengea. Kipato chake kinafuata mwezi wa angani. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika na mifuko nayo hupumzika. Ukimdai kodi tarehe 30 ya kila mwezi kama unavyomdai mwalimu, mtagombana bure. Juu ya hilo, mwaka 2024 nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatua ile ilikuwa na sababu zake nzuri, lakini ukiwa na vyumba sita Ikola na wapangaji sita wote wavuvi, Mei mpaka Agosti utakuwa unapokea salamu tu. Wengine hufunga virago na kurudi kwao Kigoma au Rukwa, na chumba kinabaki na kufuli.

Kuna jambo la tatu ambalo madalali wa viwanja hawalitaji: ziwa lenyewe huhama. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo chao Karema karibu na maji. Wakati ule Mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo, ulikuwa umetoka kufumua mdomo wake, na maji ya ziwa yakaanza kushuka. Kituo kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na kadiri miaka ilivyokwenda kikajikuta kiko mbali na ufuko. Miaka ya 1960 maji yakapanda sana. Yakapanda tena kuanzia 2020, gati za Kigoma zikazama na mitaa ya Bujumbura ikaingiliwa na maji. Basi anayekuuzia kiwanja "cha kwanza kutoka majini" anakuuzia mpaka ambao haujatulia kwa miaka 150.

Ukienda kuangalia kiwanja ufukweni, usiende na dalali peke yake. Kaa na mzee wa pale, mvuvi mstaafu au mama anayekausha dagaa, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 2021. Atakuonyesha kwa kidole: mwembe uliokauka kwa kuloweshwa mizizi, ukuta wa banda wenye mstari wa tope usawa wa magoti, kichanja cha dagaa kilichohamishwa mara mbili. Kutoka alama hiyo ndipo uanze kupima hatua zako. Na sheria nayo ina kipimo chake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Viwanja vingi vinavyosifiwa kwa upepo na mandhari viko humo humo ndani, na muuzaji anajua.

Ukishavuka hilo, kuna suala la aina ya ardhi. Sehemu kubwa ya mwambao wa Katavi ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mtu wa nje hawezi kuipata kwa kuandikiana karatasi na mkulima mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Unapeleka maombi kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji unaidhinisha. Kuna migogoro imefika hadi Mahakama ya Rufani, na mnunuzi akaambiwa mauzo yake ni batili kwa sababu halmashauri ya kijiji haikubariki. Kwa hiyo dai nakala ya muhtasari wa kikao, wenye majina ya waliohudhuria, sahihi na muhuri. Ukiambiwa muhtasari "utaletwa", hela nayo iwe ya kuletwa. Uliza pia halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, pale Majalila, kama eneo unalolitaka limetangazwa kuwa la mipango miji, maana likitangazwa taratibu hubadilika na viwanja hupimwa upya. Mwenye shamba la ekari tano anaweza kuamka akiwa na viwanja vichache na barabara ya mtaa katikati.

Usisahau hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa mita 30 kila upande kutoka katikati. Waliobomolewa Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro wengine walikuwa wamejenga nyumba za maana, na wengine walikuwa wamekaa pale miaka mingi. Njia ya kutoka Kagwira kwenda Ikola na Karema, zaidi ya kilomita 100, inageuzwa kuwa lami. Kando yake ndiko kila mtu anataka fremu. Ukinunua huko, tembea na tepu.

Nasema haya yote nikijua kwamba baadhi yenu mtanunua tu. Vizuri. Nunua, pima, chukua hati, panda miti mpakani, halafu geuza gari urudi Mpanda ukajenge.

Kwa nini Mpanda? Kwa sababu watu wameshafika. Sensa ya 2012, mwaka ule ule mkoa ulipozaliwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604 Katavi. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Mkoa umeongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, na Manispaa ya Mpanda nayo hivyo hivyo. Sehemu ni wakulima na wafugaji waliohamia vijijini, hao hawapangi. Lakini mkoa mpya huja na ofisi ya mkuu wa mkoa, hospitali ya rufaa ya mkoa, mahakama, benki, idara za halmashauri, shule za sekondari zinazochipua kila kata. Kila ofisi ina watumishi waliotoka Kilimanjaro, Mara, Mbeya na Tanga, ambao hawana shamba wala mjomba Mpanda. Mishahara yao huingia tarehe za ishirini na kitu kila mwezi, mvua inyeshe au mbalamwezi ing'ae. Huyo ndiye mpangaji wa kuanzia naye.

Na bado mtumishi peke yake si mhimili wa kuegemea kwa uzito wote. Mpanda inalijua hilo kuliko miji mingi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye kilomita 210, ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi; mgodi ulipofungwa karibu na 1960, mji ulibaki na reli ndefu na kazi chache. Ndiyo maana napenda nyumba ambayo wapangaji wake hawatoki sehemu moja: muuguzi mmoja, fundi wa simu mmoja, mfanyabiashara wa mpunga mmoja, mchimbaji wa dhahabu mmoja. Kuhusu mchimbaji, wenye nyumba wengi humwogopa kwa sababu ya kelele na kuhamahama. Mimi namtetea kidogo. Akipata, hulipa miezi sita taslimu bila kuomba punguzo. Akikosa, hukosa kabisa. Chukua ya mbele, basi.

Sasa mtaa gani? Kashaulili, Majengo na Mpanda Hotel ni katikati, kodi ni ya uhakika lakini kiwanja ni ghali na kimebanana. Ilembo, Nsemulwa na Makanyagio ni za watu wa kipato cha kati, chumba hakikai wazi muda mrefu kikiwa safi. Kwenye kata za pembezoni ndiko viwanja vya bei ya kuanzia viliko, na huko kipimo changu si umbali kutoka sokoni bali nauli ya bodaboda usiku. Nesi anayetoka zamu saa mbili usiku hahesabu kilomita, anahesabu shilingi elfu ngapi. Kakese na Mwamkulu, kunakolimwa mpunga, ni kuzuri kwa mpunga; udongo unaoshika maji hupasua msingi usiotiwa nondo za kutosha. Chimba shimo la mita moja kabla ya kulipa, ukiweza mwezi wa Machi, uone kama maji yanatuama.

Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi. Ofisi za ardhi za mikoa zilifunguliwa mwaka 2020, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kusafiri hadi kanda kuuliza hati ya kiwanja cha Mpanda. Upekuzi utakuambia jina lililoko kwenye daftari na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Kama muuzaji ameoa au ameolewa, mwenzi wake asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia, na mke aliyefichwa leo ataonekana siku umeshapaua. Kama kiwanja ni cha urithi, usiongee na kaka mkubwa, ongea na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Na kuhusu Katumba na Mishamo, yaliyokuwa makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, nunua kule pale tu ambapo halmashauri husika imekuandikia kwamba eneo hilo linauzika. Wengi wa wakazi wale sasa ni raia wenzetu, lakini uraia wa mtu na umiliki wa kiwanja ni mambo mawili.

Tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo ndoto nyingi hulala. Tuseme kiwanja kilichopimwa umekipata kwa milioni 4, ukajenga vyumba vinne vya masta vyenye choo ndani na kibaraza kidogo mbele, kwa milioni 36. Jumla milioni 40. Kila chumba unapangisha kwa shilingi 80,000. Kwenye karatasi ni 3,840,000 kwa mwaka, na ndugu zako watakupigia makofi. Sasa toa. Kila chumba kitakaa wazi angalau mwezi mmoja kwa mwaka, mtu akihama na mwingine akitafutwa: toa 320,000. Kodi ya mapato ya pango asilimia 10 ya kilichobaki: toa 352,000. Koki, vitasa, rangi, kuzibua choo: toa 300,000. Kodi ya majengo na pango la ardhi: weka 68,000 kwa pamoja. Umebaki na 2,800,000. Hiyo ni asilimia 7 ya pesa uliyotoa, na utakaa zaidi ya miaka 14 kuirudisha.

Linganisha. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilitolewa mwaka 2022 kwa riba ya asilimia 12.56. Milioni 40 ile ile ingekupa zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, ukiwa umelala, bila koki wala mpangaji. Usikasirike, si kwamba nakukataza kujenga. Nyumba ina kitu ambacho hatifungani haina: kodi hupanda kadiri bei za vitu zinavyopanda, na kiwanja kinapanda thamani chini ya miguu ya wapangaji. Ila hesabu inakuonyesha faida inatengenezwa wapi. Kodi ya chumba Mpanda huipangi wewe, inapangwa na mshahara wa mwalimu. Unachoweza kukipanga ni gharama ya kujenga. Vyumba vile vile ukivijenga kwa milioni 24 badala ya 36, umefikia asilimia 10. Weka tarakimu za fundi wako mahali pa zangu uone.

Gharama hushuka kwa kufuata majira. Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Tofali za kuchoma hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na bei yake mwezi wa Agosti si ile ya Januari ambapo tanuru zimelowa na barabara za kuingilia zimekuwa tope. Nunua tofali zote kwa mkupuo mmoja kiangazi, hata kama hela ya kupaua bado. Saruji, bati na nondo husafiri kutoka mbali na gharama ya lori iko ndani ya kila mfuko. Tangu lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga izinduliwe mwaka 2022, njia hiyo imekuwa mbadala wa kweli wa ile ya Mbeya na Sumbawanga, kwa hiyo piga simu pande zote mbili kabla hujanunua kwa muuzaji wa jirani. Mara nyingi watu watatu wanaojenga mtaa mmoja wakiagiza pamoja hupata bei ambayo mmoja hapati.

Usiweke vigae vya mng'ao na dari ya mapambo kwenye chumba cha elfu themanini. Mpangaji wa Mpanda anauliza maji kwanza. Mji una mgao, na kiangazi mgao hubana. Tenki la lita 5,000 juu ya mnara imara, au kisima pale ambapo ardhi inaruhusu, litakujazia vyumba kuliko rangi yoyote. La pili anaulizia choo cha ndani. La tatu wavu wa madirisha na mlango wa chuma, kwa mbu na kwa wezi. Mengine ni ya kumfurahisha mwenye nyumba.

Na hapa kwenye umeme nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona nyumba nzuri zikikimbiwa kwa ajili ya kisanduku kimoja ukutani. Nyumba ya vyumba sita, mita moja ya LUKU. Jumamosi saa mbili usiku taa zinazima. Wapangaji wanatoka uani na simu zenye tochi. Nani zamu yake kununua? Wa chumba cha tatu anasema yeye ana taa moja na chaja, hawezi kuchangia sawa na wa chumba cha tano mwenye friza la kuuzia barafu na juisi. Wa tano anasema friza lilikuwa limezimwa wiki nzima. Wa kwanza amelipa jana na anataka kujua uniti zimeenda wapi. Anapigiwa mwenye nyumba, yuko Dodoma kwenye harusi. Mwezi unaofuata mpangaji bora kuliko wote, yule asiyegombana, anahama kimya kimya. Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba tangu siku ya kusuka nyaya, au ukiweza, mita ya LUKU kwa kila mpangaji. Ni gharama ya mara moja. Na kwa kuwa kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, andika kwenye mkataba kwamba makato hayo ni ya mwenye nyumba na utayapunguza kwenye kodi, maana kisheria deni ni lako hata kama anayeingiza tokeni ni yeye.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa mtoto wa rafiki. Sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kinachowalinda nyote wawili ni hicho mlichokiandika. Taja kiasi, muda, siku za notisi, nani anatengeneza nini, na wangapi wanaruhusiwa kulala. Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, na umtambulishe mpangaji kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikitokea hajalipa, usimng'olee mlango wala kumwezulia bati, kama tunavyosikia kila mwaka. Mgogoro huanzia kwenye usuluhishi na kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwenye nyumba aliyeng'oa mlango huingia pale akiwa mdaiwa. Wenye nyumba wengi hudai miezi sita mbele. Kwa mtumishi mpya ambaye mshahara wake wa kwanza umechelewa, kudai miezi sita ni kumfukuza kwa heshima. Miezi mitatu mbele, na mmoja wa dhamana ya uharibifu, hukuletea mtu bora.

Kama unaishi mbali na Mpanda, lipa msimamizi. Sisemi usimwamini shemeji, nasema umlipe, kwa mwezi, kiasi kinachojulikana, na risiti zije kwako kwa picha siku ile ile. Shemeji asiyelipwa hujilipa, na mara nyingi hujilipa kwa saruji. Atakayesimamia ujenzi si lazima awe ndiye atakayekusanya kodi. Mtu mkali kwa mafundi huwa mkali kwa wapangaji pia, na vyumba vinaachwa.

TRA nao usiwakwepe. Mpangaji wako akiwa kampuni, shirika au taasisi, atazuia asilimia 10 ya kodi na kuipeleka yeye. Dai cheti cha zuio, ndicho kinachoonyesha kwamba umelipa. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na mkataba usiolipiwa stempu hukupa taabu siku ukiuhitaji barazani. Faida ya kuwa na karatasi zilizonyooka utaiona siku utakapotaka mkopo, maana benki huangalia hati na kumbukumbu za kodi kabla ya kuangalia nyumba.

Swali la mwisho ambalo huulizwa ni lini basi kuhamia ziwani. Mimi naangalia mambo madogo. Lori zinazolala Karema ziwe nyingi kiasi kwamba gesti zinajaa siku za katikati ya wiki, si za mnada tu. Watumishi waanze kupanga kule na kuacha kuishi Mpanda na kwenda na kurudi. Na ukitaka kuanza kabla ya hapo, anzia hata vijiji vya juu ya ziwa: katika Wilaya ya Tanganyika kuna vijiji vinane vinavyotunza msitu wa Ntakata na kulipwa fedha za hewa ukaa, na pesa hizo zimekuwa zikijenga zahanati na madarasa. Zahanati ikijengwa, nesi anakuja. Nesi akija, anauliza nyumba, na kijijini mara nyingi hakuna hata moja yenye choo cha ndani. Vyumba viwili karibu na zahanati kama hiyo, kwa idhini ya kijiji, vinaweza kukaa na mpangaji mwenye mshahara miaka mitano mfululizo, wakati nyumba ya fahari ufukweni inasubiri meli. Kabla ya kuweka tofali la kwanza, nenda kamuulize mganga mfawidhi ana watumishi wangapi, wanalala wapi sasa, na wanalipa shilingi ngapi.